Dashibodi ya Mti wa Msolo

Mnanichosha. Kila tukikaa kubangua korosho mnataka ile ya boti, kana kwamba mimi redio. Haya, sikilizeni, na mwenye hamu ya kuniuliza jina la fundi ameze swali lake.

Fundi alikuwa seremala hapa Newala, enzi za Mwingereza. Mzungu mmoja, mpimaji wa mto Ruvuma, alimletea boti ya injini juu ya lori. Dashibodi, ule ubao wa mbele ya usukani wenye saa ya mafuta na saa ya joto, ilikuwa imeoza. Akataka mpya, yenye tundu la dira, mahali pa kikombe, na nakshi kama chale za nyuso zetu. Ijumaa aikute tayari.

Mbao kavu zilikuwa Ndanda, kwenda na kurudi siku nne. Fundi akaenda kwenye msolo wa ukoo, pale tunapomwaga unga wa mtama na kuwaita marehemu kwa majina, akakata tawi nene lililokauka. Alijiambia kavu ni kuni tu.

Jumatatu alipofunga saa, mshale wa mafuta ukapanda hadi mwisho. Injini ilikuwa chini, imefunguliwa. Saa haikuwa na waya hata mmoja.

Mkewe, Bibiana, akanusa. "Baba Agnes, nani katwanga mtama humu?"

"Pua yako ina njaa."

Jumanne mshale ukashuka robo. Agnes, binti yao wa miaka minne, hakula. Jumatano ukafika nusu, na mtoto akakanyaga kaa la moto, akasimama juu yake, akatutazama tu. Alhamisi mchana, jua limewaka na hakuna upepo, zile chale za ubaoni zikaanza kutoa unga kidogo kidogo kama jasho, na ndani ya boti sauti za kizee zikawa zinaita majina, moja baada ya jingine, majina ya watu waliozikwa kabla fundi hajazaliwa, na Bibiana, aliyempakata mtoto wa baridi kama jiwe la mtoni, akasikia la mwisho ni Agnes, na Agnes akaitika.

Wakamwita mganga, Bibi Siti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ubao umeutoa wapi?"

Fundi akanyoosha kidole upande wa msolo.

"Umeng'oa mlango wa wenyewe ukamchongea Mzungu pa kuweka chai!"

Wakaurudisha ubao msoloni na saa zake, wakamwaga unga. Unga ukisimama kichuguu, wazee wamepokea. Ulimomonyoka mara tatu. Mshale ulibakiza unene wa ukucha.

"Wanataka jina," Siti akanong'ona. "La mtoto, au la baba. Aliyempa jina alirudishe."

"Langu," fundi akasema.

Mama mzazi wa fundi akainama, akalitamka ndani ya unga. Unga ukasimama. Agnes akaanza kulilia mguu wake ulioungua.

Mzungu aliondoka na boti isiyo na dashibodi, akitukana.

Fundi aliishi miaka thelathini zaidi kwa jina la mwanawe, Baba Agnes. Alipokufa hatukumwaga unga. Tungemwita nani?

Mama aliyeinama ni mimi. Nilimzaa, nikampa jina, na tangu siku ile nalitafuta kichwani silioni.