Picha Iliyotangulia

Mtaani walimwita Mwalimu Fimbo, na mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alimvuta mwanawe karibu. Bure tu. Maisha yake yote hakuwahi kumchapa mtu. Fimbo zake zilikuwa za gofu, kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kuzizungusha, na mwanafunzi aliyemhangaisha kuliko wote alikuwa binti yake wa kuzaa. Huyo walimwita Shoto, kwa sababu alipiga kwa mkono wa kushoto. Mama yake alifariki binti akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nyumba nzima walikuwa wawili, baba na mwana, na redio iliyokuwa haizimwi.

Jioni hiyo Mwalimu alikuwa na shida ya kweli. Mchujo wa vijana ulikuwa Jumamosi, na mpigo wa Shoto ulikuwa na kasoro ambayo jicho halikuweza kuikamata. Mpira ulikwenda pembeni, na bega la binti lilikuwa limeanza kuuma hata akichana nywele. Alijaribu kumrekodi kwa simu. Fimbo ikawa ukungu mtupu pale pale inapokutana na mpira, kama mapanga ya feni. Asipoiona kasoro hataitibu, na bega la mtoto likiharibika, ndio basi tena. Kwa hiyo jua likizama alikuwa kwenye kichochoro cha maduka ya vifaa vya umeme, fimbo moja ya kujaribia mkononi, akitafuta kamera na kompyuta.

Mengi yalikuwa yanafunga. Lililobaki wazi lilikuwa la mwisho kabisa, mlango mwembamba, taa nyeupe ndani. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alizungumza kwa sauti ya chini, utadhani kuna mgonjwa amelala chumba cha pili.

"Karibu, kaka."

"Asante, dada. Nataka kamera ya kurekodi mpigo wa gofu, na kompyuta ya kuuchambua."

"Picha ngapi kwa sekunde?"

Mwalimu akatabasamu. Tangu mchana alikuwa anazungushwa na vijana waliotaka kumuuzia kamera za harusi. Huyu alikuwa anaijua kazi. Wakazungumza kama watu wa ukoo mmoja: kamera mbili za haraka, mwanga wa kutosha, moja iwekwe mbele ya mchezaji na nyingine nyuma yake, kompyuta yenye kumbukumbu kubwa, na kupitisha picha kwa waya ni bora kuliko hewani. Mwalimu akajisikia amefika.

Ndipo akaisikia harufu. Majani mabichi, yaliyokatwa sasa hivi. Kichochoro kizima kilikuwa saruji, hata ua la kwenye kopo hakuna.

"Tukajaribu," dada akasema, akatangulia.

Nyuma kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Sakafuni ulichorwa mraba kwa utepe mweupe, mahali pa mchezaji kusimama. Mbele yake kamera juu ya miguu mitatu, pembeni meza ya kompyuta. Mlango ukarudi wenyewe polepole nyuma yao, ukafunga. Mwalimu aliugeukia, halafu akaona aibu kuuliza.

Kipimo chenyewe alikijua. Unasimama mbele ya kamera, unapunga mkono, unatazama kioo cha kompyuta. Kompyuta dhaifu huchelewa: mkono wako umeshashuka, ule wa kwenye picha ndiyo kwanza unapanda. Ya kwanza ilichelewa vibaya. Ya pili ilichelewa kidogo, lakini mpigo wa gofu hauna kidogo. Dada akainama chini ya meza, akavuta ya tatu, iliyofunikwa shuka la kitanda.

"Hii haichelewi," akanong'ona.

"Na inachukua kivuli?"

Hapo ndipo Mwalimu alipojikwaa, naye hakujua. Kwao walimu wa gofu, kivuli ni umbo la mchezaji kwenye kioo. Unakichukua kutoka kwenye video yake, unakilaza juu ya cha bingwa, na makosa yanajitokeza yenyewe. Ni neno la kazi tu, wanalitaja asubuhi na jioni.

Dada akavaa miwani.

"Cha nani?"

"Cha binti yangu. Video zake ziko kwenye kadi ya kumbukumbu, hapa mfukoni."

"Kivuli cha binti yako... nikichukue?"

"Kichukue, dada. Ndicho kilichonileta."

"Sema tena, kaka. Sipendi ubishi baadaye."

Mwalimu akacheka. Mtu mwenye shida hucheka haraka. "Kichukue chote. Usibakize hata unyayo."

Dada hakucheka. Akawasha mashine, akamwonyesha mraba.

Mwalimu akasimama ndani yake, akainua mkono. Mkono wa kwenye kioo ukainuka naye, sambamba. Akaushusha, ukashuka. Akazungusha fimbo hewani, na picha ikazungusha bila kuachwa hata kidogo. Moyo ukamjaa furaha. Alishaiona Jumamosi, alishamwona Shoto akipiga mpira ukanyooka.

Kisha mtu wa kwenye kioo akajikuna pua.

Mwalimu hakuwa amejikuna. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye fimbo.

Halafu pua ikamwasha.

Akajikuna. Hakupenda, lakini akajikuna, vile vile, kwa kidole kile kile. Jasho likamtoka. Akatazama chini kutafuta waya wa kamera, akauona umelala sakafuni, ncha yake haijachomekwa popote.

"Dada... huu waya..."

"Huna haja nao."

Akataka kutoka kwenye mraba. Miguu haikwenda. Mtu wa kwenye kioo alikuwa amesimama tuli, na mpaka huyo asogee, yeye hakuwa na ruhusa ya kusogea. Akataka kupiga kelele. Picha ilikuwa imefumba mdomo. Na wake ukafumbika.

Kimya. Feni ya kompyuta tu... vvv... vvv...

Harufu ya majani ikazidi. Mwalimu alikuwa mwanamume mzima aliyewahi kufukuza mwizi usiku peke yake, na sasa alishikwa na woga wa mtoto aliyefungiwa kabatini. Kila kitu chake kilikuwa pale, mikono, miguu, sauti, ila funguo alikuwa nazo mwingine.

Mtu wa kwenye kioo akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati.

Hapana, Mwalimu akasema moyoni. Hapana, hapana. Aliukaza mkono wake kwa nguvu zote za mtu aliyezungusha chuma nusu ya umri wake. Aliomba kwa jina la marehemu mkewe. Mkono ukapanda taratibu, ukaingia mfukoni, ukaitoa kadi, ukamkabidhi dada kwa adabu kabisa.

"Ahsante," dada akasema. Akaichomeka.

Shoto akatokea kwenye kioo. Alikuwa amesimama ndani ya mraba ule ule, kando ya umbo la baba yake, na fimbo yake ya kushoto. Akapiga mara moja. Kisha akageuza shingo, akamtazama Mwalimu usoni. Video zile Mwalimu alizirekodi mwenyewe, alizijua zote, na hakuna hata moja ambayo binti aligeuka.

Muda ulipita, hakujua kiasi gani. Hatimaye mtu wa kwenye kioo akavuka utepe, akaelekea mlangoni, akatoka. Hapo tu ndipo miguu ya Mwalimu ilipopata ruhusa. Alijikuta nje kichochoroni, mikono mitupu, na mtaa ukiendelea na shughuli zake za jioni.

Alikimbia mpaka kwake. Kabla hajagonga, mlango ukafunguliwa.

"Karibu, baba," Shoto akasema. "Pole."

"Pole ya nini?"

Akaingia, kidole cha mguu kikagonga kizingiti, akaona nyota. Shoto alikuwa ameshageuka kwenda kumletea maji.

Usiku ule Mwalimu alijiambia ni uchovu. Mwenye kutafuta kujidanganya hakosi maneno. Asubuhi akampeleka binti uwanjani, akamwekea mpira, akarudi nyuma hatua kadhaa kama kawaida yake.

*Tak.*

Mpira ukaruka, ukanyooka kabisa, ukapotelea kule mwisho wa nyasi.

Kisha Shoto akazungusha fimbo.

Mwalimu alisugua macho. Akaweka mpira mwingine. *Tak*, mpira ukaenda, na ndipo mikono ya binti ikashuka, fimbo ikapita mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kasoro ilikuwa imekwisha. Bega nalo, Shoto alisema, haliumi tena. Wachezaji wa pembeni walipiga makofi, mmoja akasema kweli mtoto wa nyoka ni nyoka, na hakuna hata mmoja aliyeona alichokiona yeye. Mwalimu akatabasamu kwa sababu walikuwa wanamtazama.

Mchana huo huo alirudi dukani. Alitegemea kukuta ukuta, au duka la viatu. Duka lilikuwepo, taa nyeupe inawaka, dada yupo anamfungia mteja spika. Akamngoja mteja aondoke. Hakuthubutu kuingia, akasimama kizingitini.

"Nirudishie mwanangu, dada."

"Mwanao si yuko nyumbani?"

"Nirudishie kile ulichochukua."

Dada akavua miwani. Uso wake haukuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomwogopesha Mwalimu zaidi.

"Kaka, nilikuuliza mara mbili. Ulitaka mashine isiyochelewa, nikakupa. Kilichochelewa ningeweza kukingoja. Kilichotangulia nitakifuata wapi?"

"Kwa hiyo kiko wapi?"

"Mbele," akasema, kwa sauti ile ile ya chini. "Kiko mbele yake kidogo tu. Yeye anakifuata." Akazunguka nyuma ya kaunta, akaendelea kupanga betri.

Jumamosi Shoto alichaguliwa wa kwanza. Watu wakaja kupongeza, wakanywa soda, wakasema Mwalimu amebarikiwa. Yeye alikaa kati yao, hana wa kumwambia. Angesema nini? Kwamba mwanawe hucheka kabla mzaha haujamalizika? Kwamba huinuka kwenda kuipokea simu ambayo haijalia? Majirani wangesema baba ana kijicho na kipaji cha bintiye. Akawa anaishi na mtoto aliyempenda kuliko roho yake, akimchunguza usiku na mchana kama mtu anayetazama saa.

Maana alikuwa ameshajifunza kumsoma. Shoto akichukua mwavuli, mvua inakuja. Akizima jiko, mtungi wa gesi umekaribia kuisha. Kwa mambo madogo madogo ilikuwa hata faida, na siku moja moja Mwalimu alijikuta anashukuru, kisha anajichukia.

Jioni moja walikuwa wanakula, redio ikisoma taarifa ya habari. Shoto akaweka kijiko chini. Akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili, akaupapasa vidole, kimoja kimoja. Kisha akaanza kulia, kilio cha kwikwi, cha mtu aliyebaki peke yake.

"Nani kakuudhi, mwanangu?"

Akatikisa kichwa.

"Ni bega?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

Shoto akamtazama usoni, muda mrefu, bila kupepesa.

"Bado, baba," akasema.

Akaendelea kulia. Na Mwalimu akabaki pale pale kwenye kiti, mkono wake umo mikononi mwa binti, akiogopa kusimama.