Mkwe Wangu na Vidonge vya Wasiwasi

Kwetu karibu na Butali, trakta za miwa hupita mapema. Mimi huamka, nafungua ng'ombe, kisha nangoja chai. Chai huletwa na Gentrix, mke wa kijana wangu Protus. Anaiweka nje ya mlango wangu, anasema, "Baba, chai," halafu anarudi. Kwetu baba hakai karibu na mke wa mwanawe. Jikoni mwake siingii. Kile anachopika, mimi naonanga tu kwa sahani.

Mke wangu alipokufa, moyo ulianza kunienda mbio. Mlango ukigongwa, nashtuka. Kliniki fulani ikanipa vidonge vya kutuliza wasiwasi. Hakuna aliyeniambia nivinywe mpaka lini. Vikiisha narudi, wananipa vingine. Mwaka ukapita, mwingine ukaingia. Wakubwa wa kliniki ndivyo walivyo. Kukupa ni haraka, kukueleza hawana nafasi.

Siku moja redio ikasema mwili huvizoea vidonge hivyo. Nikavitupa chooni vyote.

Haikuchukua muda, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho lilinitoka nikiwa kivulini. Usingizi ukapotea. Trakta ikipita, ni kama inapita ndani ya kichwa changu. Nikaanza kujiuliza: nani anataka nife? Nani anataka hili shamba? Na nani ananipikia?

Obusuma ya Gentrix, ugali wake, nikawa nawapa kuku. Kuku hawakufa. Nikasema hiyo ni sumu ya watu, si ya kuku. Mimi nikawa nakula hotelini.

Nikamwita Protus. "Mrudishe huyo mke wako kwao."

"Amekosa nini, baba?"

"Ananiwekea kitu kwa chakula."

"Umeona?"

"Nitaonaje, na jikoni siingii?"

Protus akasema, "Jescah akuone kwanza. Akisema ni sumu, nitampeleka kwao mwenyewe."

Jescah ni jirani yetu, muuguzi. Alikuja Jumapili baada ya kanisa.

"Mulembe, mzee."

"Umetumwa na nani?"

"Na kijana wako. Lakini vile umekonda, hata ningekuja bila kutumwa. Wiki hii umekula wapi?"

"Hotelini."

"Cha Gentrix?"

"Sijagusa."

"Na bado unatetemeka. Ama hata watu wa hoteli wanataka shamba lako?"

Nilitazama mikono yangu.

"Sasa niambie, ni nini umeacha?" akauliza.

"Vidonge. Nilitupa."

"Vyote mara moja?" Akavuta kiti. "Mzee, mwili ulivizoea. Ukiunyima ghafla, unashtuka. Unatetemeka, unatoa jasho, hulali, unashuku watu. Wengine huanguka kama wenye kifafa, na inaweza kuua. Twende hospitali leo."

"Mbona hawakuniambia?"

"Walipaswa kukuambia. Hapo kasirika tu. Lakini Gentrix hakukuandikia dawa."

Huko hospitali daktari alinirudishia vidonge. Nilimshuku na yeye. "Hii tena ni ya mpaka lini?"

"Tutapunguza kidogo kidogo kwa miezi," akasema. "Ukizidiwa, usijiongezee, usiache. Njoo. Tutakaa kwa kipimo hicho mpaka mwili utulie, ndipo tuendelee. Na pombe usiguse. Pombe na dawa hii vinaweza kukukata pumzi."

"Na hofu ikinishika?"

"Pumua polepole. Tembea. Chai kali jioni, wacha. Mwambie mtu. Hofu itapanda, kisha itashuka."

Haikuwa rahisi. Kuna wiki nililala vizuri, kuna wiki nilikaa macho. Shuku nayo ilirudi. Nikawa namwambia Protus, "Imekuja tena." Yeye hakubishana na mimi. Alisema tu, "Baba, twende tuone miwa." Tukizunguka shamba, inapungua.

Sasa nimemaliza vidonge. Mkono umeshika jembe tena. Gentrix hakurudishwa kwao. Anapika, nami nakula nashiba. Siku moja nilimwambia nikiwa ndani, "Gentrix, nilikukosea." Akajibu kutoka nje, "Baba, chakula kitapoa."

Wewe unayekunywa vidonge hivi, usivitupe kama mimi. Rudi kwa daktari. Muulize ni vya nini, vya mpaka lini, na utaviacha namna gani. Akikataa kukujibu, mwache, tafuta mwingine. Huyo wa kwanza mshuku. Kumshuku huyo si ugonjwa.