Chaki ya Damu ya Mzee kwenye Shati la Mume Wangu

Mkasi wangu ulipita kwenye kitambaa kipya cha meza ya pool kwa mlio mmoja mrefu, kutoka pembe hadi pembe.

Mume wangu alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Hakunizuia. Alisimama kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua na hana hata kopo la maji.

Na yule mwanamke... yeye alikuwa bado ameshika boksi la chaki.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkanihukumu kabla ya kusikia. Mkimaliza mnaweza kunihukumu tu, sitakasirika.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa rangi, usinichezee. Naweza kusimama kwa muuza nyuzi nusu saa nzima nikichagua kati ya bluu tatu ambazo wewe ungeapa ni moja. Wateja wangu wananijua kwa hilo, na mimi najijua zaidi.

Mume wangu naye ni fundi, ila wa meza za pool. Wenye kumbi za mchezo humwita aje avue kitambaa kilichochakaa, asawazishe meza, avute kipya mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma. Mtaa wote unamwita Baba Pacha, na mimi Mama Pacha. Miaka kumi na moja ya ndoa, jamani. Si jana.

Kama hujawahi kucheza pool, kuna kitu lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa kilichonipata.

Ncha ya fimbo hupakwa chaki ili isiteleze inapogonga mpira. Hiyo chaki inamwaga vumbi. Ukitumia ya bluu kwenye kitambaa cha kijani, baada ya wiki meza inaota madoa kama mkate wenye ukungu. Kwa hiyo ukumbi unaojiheshimu unachagua chaki inayofanana na kitambaa. Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu. Vumbi bado lipo, ila halionekani.

Hayo alinifundisha yeye mwenyewe tukiwa wachumba, tena kwa mbwembwe.

Sasa, mashati yake ya kazi alikuwa anayafua mwenyewe, mpaka Ijumaa moja jioni nikaamua kumfulia. Nikachukua shati lake la kazi, nikaona kitu kwenye bega la kulia.

Vumbi la chaki. Si la kijani, si la bluu. Damu ya mzee.

Na halikuwa limemwagika ovyo. Lilikuwa alama za vidole. Vidole vinne, vyembamba, vimekaa begani kama vimezoea pale.

Nikafua, nikanyamaza. Mwanamke ukiongea mapema unaambiwa una gubu.

Ijumaa iliyofuata, bega lilelile, vidole vilevile. Ya tatu pia.

Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kwamba hivi siku hizi kuna ukumbi gani una meza ya damu ya mzee. Akasema upo mmoja tu, wa Kipusa, kisha akaanza kuwaelekeza watoto jinsi ya kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa ndala.

Kipusa. Jina tu lilinichoma.

Nilikuwa nimemwona mara mbili. Mwanamke mrefu, suruali ya kitambaa, kucha fupi, anawafunga wanaume kwenye meza yake mwenyewe na wanalipa huku wanacheka. Watu walisema ana mkono mwepesi. Mimi nikaanza kujiuliza huo wepesi unaishia wapi.

Nikamwambia rafiki yangu msusi. Hilo lilikuwa kosa, maana msusi ana kazi mbili, kusuka nywele na kusuka maneno. Akaniambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akaniambia na yeye amesikia Baba Pacha anaingia pale Ijumaa mapema, kabla ukumbi haujafunguliwa, mlango unarudishiwa.

Nikaanza kuugua. Nakata suruali ya mteja, namwona Kipusa. Naweka chumvi kwenye mboga, namwona Kipusa. Siku moja nilishona mkono wa kulia upande wa kushoto, mimi huyu, miaka kumi na saba kwenye cherehani.

Usiku nalala nimemgeuzia mgongo, natega sikio kama atataja jina lake ndotoni. Hakulitaja. Hilo nalo likaniudhi. Nikasema huyu ameshakuwa mjuzi mpaka usingizini.

Mwisho nikashika simu yake, alipoiacha kwenye chaji akaenda kuoga. Najua, najua. Usinifundishe maadili, nilishajifundisha mwenyewe baadaye.

Ujumbe wa Kipusa ulikuwa wa juu kabisa:

"Ijumaa wahi kabla watu hawajafika, nitakuchagulia mwenyewe. Usiogope, mkeo hatajua kupitia kwangu."

Nilikaa chini. Sakafuni kabisa, pale pale karibu na tundu la umeme.

Mkeo hatajua.

Ijumaa hiyo nikaamka, nikapika chai, nikamuaga vizuri. Nikaenda kwenye chumba changu cha kushonea. Nikashindwa kufanya hata mshono mmoja. Mchana jua likiwa kali nikatia mkasi kwenye mkoba, ule mkubwa wa kukatia makoti. Nikajidanganya kwamba nitaupitisha kwa mnoa visu.

Ukumbi wa Kipusa una dirisha la kioo linaloangalia barabara. Mlango ulikuwa umerudishiwa, kama alivyosema msusi. Nikaweka uso kwenye kioo.

Meza tatu. Ya kijani, ya bluu, na ya mwisho imevalishwa kitambaa kipya cha damu ya mzee. Mume wangu alikuwa anapitisha kiganja juu yake, polepole, kama alivyokuwa akinipitishia mimi mgongoni nilipokuwa na mimba ya pacha.

Kipusa akaja nyuma yake na boksi. Akaweka mkono begani kwake. Lile bega.

Akachagua chaki moja, akaiweka kwenye kiganja cha mume wangu, akavikunja vidole vyake juu ya ile chaki. Kisha akamwambia kitu, na mume wangu akacheka. Kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikisikia nyumbani kwangu.

Jamani, mngenikuta na ugonjwa tu mngenihurumia. Mimi nilikutwa na mkasi.

Sikumbuki kusukuma mlango. Nakumbuka kitambaa kikilia.

Nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana wakwe zangu wako humu. Nikamwita Kipusa kila jina. Nikamuuliza mume wangu kama mimi ndiye nisiyetosha au ni macho yake ndiyo hayatosheki.

Aliposikia neno macho, akainamisha kichwa.

Nilitegemea Kipusa anirukie. Kesho yake alikuwa na mashindano ya wanawake, na mimi nimemchania meza. Lakini hakupandisha hata sauti. Alimtazama mume wangu, akamwambia kwamba leo ndiyo siku yenyewe, yeye hawezi kuendelea kulibeba jambo hili.

Kisha akanigeukia.

"Dada, mwambie mumeo akupe chaki ya kijani."

Nikadhani ananidhihaki. Akamimina chaki zote kutoka kwenye boksi juu ya meza ya bluu. Zilikuwa kama ishirini, za kijani na za damu ya mzee zimechanganyika. Nilipoangalia vizuri nikaona kila moja imeandikwa herufi kwa biro upande wa chini, K au D. Kipusa akazigeuza zote, herufi zikalala chini.

"Mwambie."

Nikamwambia mume wangu, kwa sauti kavu, anipe ya kijani.

Akanyoosha mkono. Akausimamisha juu ya zile chaki. Mkono ule ninaoujua, unaovuta kitambaa bila mkunjo hata mmoja, ukawa unasitasita hewani kama wa mtoto anayeibia sukari. Akachukua moja, akanipa bila kunitazama.

Damu ya mzee.

Nikamwambia hiyo siyo, aache utani. Akaipokea, akaiweka chini, akachukua nyingine.

Damu ya mzee tena.

"Mama Pacha," akasema, "kwangu zote ni moja. Tangu nimezaliwa ni moja."

Wasomaji wangu, niliigeuza ile chaki nikasoma herufi chini yake. D.

Mume wangu haoni tofauti ya kijani na damu ya mzee. Bluu anaiona, njano anaiona, ila hizo mbili kwake ni udongo mmoja. Fundi wa meza za pool. Mume wa fundi cherehani. Miaka kumi na moja kitanda kimoja, na mimi sijui.

Kipusa ndiye aliyegundua, yapata miaka miwili nyuma. Mume wangu alivalisha meza ya kijani, akaiwekea chaki ya damu ya mzee, na kabla ya jioni meza ikawa kama imetapika ubuyu. Wachezaji wakalalamika. Kipusa alitaka kumfukuza, kisha akamwona anavyozishika zile chaki na kuzileta karibu na uso. Akaelewa. Tangu hapo akawa anamwandikia herufi, na kila Ijumaa kabla watu hawajaja anamchagulia chaki za wiki nzima za kumbi zote anazohudumia, asije akaaibika na kukosa kazi. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la kuziondoa zile za damu ya mzee. Bega lilikuwa la kumwambia, siyo hiyo, iliyo pembeni yake.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Hakuna mapenzi, hakuna mchepuko.

Nawaambia ukweli ambao sijamwambia hata msusi. Wivu haukuondoka. Uliongezeka.

Kama angelala naye ningejua namna ya kumchukia. Lakini alikuwa amempa kitu ambacho mimi sikuwahi kupewa. Alikuwa amemwonyesha mahali pake pabovu.

Nikamuuliza kwa nini yeye na si mimi. Nilitaka kuuliza kwa ukali, ikatoka kama ombi.

Akakaa kwenye benchi. Akanisimulia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa nilimtuma uzi wa kijani. Akiwa njiani kurudi alipita kwenye dirisha langu, akanisikia nikimcheka mume wa mteja mmoja aliyeleta zipu ya rangi isiyo yake. Nilisema mwanaume asiyejua rangi ana macho ya kupambia uso tu, na kwamba mimi wa hivyo ningemrudisha kwao. Wanawake wote waliokuwa chumbani wakacheka.

Yeye akautazama ule uzi mkononi. Hakuwa na uhakika nao. Akarudi dukani kumwomba muuzaji amhakikishie. Tangu siku hiyo, kila nilipomtuma kitu cha rangi, alikuwa anamwomba mtu amhakikishie.

Mimi sikukumbuka hata kusema maneno hayo. Ndiyo mambo yalivyo. Anayetema hasahau kwa makusudi, anasahau tu.

Kipusa akatuambia tuache kulia juu ya meza zake, kesho kuna mashindano. Nilimwomba msamaha, nikasema nitamnunulia kitambaa kingine. Akasema hataki kitambaa changu, anataka mikono yangu. Stoo ilikuwa imebaki na kipande kimoja, cha kijani.

Basi tukafanya kazi. Mume wangu akang'oa pini za kile nilichochana, mimi nikakusanya mabaki nikiwa siwezi kuyatazama. Tukatandaza kipya. Akanionyesha namna ya kuvuta, upande huu kwanza, kisha ule, usikimbilie pembe. Kitambaa ndiyo lugha yangu, nikashika haraka. Hatukuwa tumewahi kufanya kazi pamoja, amini usiamini. Kufikia alasiri meza ilikuwa imekaza, haina mkunjo.

Ikabaki kuiwekea chaki.

Mume wangu akainua kichwa kumtafuta Kipusa, kwa mazoea. Kipusa alikuwa ametoka nje, na mlango safari hii akauacha wazi kabisa.

Akabaki ameinamia zile chaki. Mimi nikajikaza nisimsaidie. Nilitamani kweli, ulimi uliwasha, lakini nikajua nikimtangulia nitakuwa nimemnyang'anya nafasi ya kuniuliza mwenyewe.

Akaokota moja, akairudisha.

"Mke wangu," akasema, "ya kijani hapa ni ipi?"

Miaka kumi na moja, hilo lilikuwa swali lake la kwanza la rangi kwangu.

Nikamwonyesha.

Mashindano yalifanyika. Siku hizi Ijumaa napanga chaki mimi, nyumbani, mezani kwetu, na watoto wanajua baba yao anaonaje. Kipusa tunasalimiana. Sitawadanganya kwamba tumekuwa ndugu, akicheka na mume wangu bado kuna kitu kinaniuma hapa chini ya mbavu. Ila nimejifunza kukiacha kiniume tu.

Somo langu ni dogo. Ukigundua mwenzio ana siri na mtu mwingine, utakimbilia kuuliza, huyo mtu ni nani? Uliza, una haki. Lakini ukishauliza hilo, kaa chini ujiulize la pili, hiyo siri ilipokuja kubisha kwako kwanza, ilisikia nini ndani?

Iliyokuja kwangu ilisikia kicheko, ikageuza njia.