Neno Lililofuata "Nzuri"

Saa nane kamili mchana, watu mia sita walipokezana zamu katika karakana ya nyuzi ya Mkongeni kwa sekunde arobaini, na hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake.

Midomo ilicheza. Anayetoka alimwambia jambo anayeingia, wakapeana mikono, kila mmoja akashika njia yake. Lakini hewani hamkuwa na kitu. Kila sikio lilikuwa limezibwa na kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kiitwacho Kijibu, na Kijibu ndicho kilichokuwa kinasalimia. Kiliijua sauti yako kuliko wewe unavyoijua. Kiliuliza "habari za kazi" kwa sauti yako, kikapokea "nzuri" kwa sauti ya mwenzako, kikafunga kwa "haya", mashine kwa mashine, kwa nusu sekunde. Yote mengine uliyoyatamka kiliyazuia kabla hayajafika. Ungeweza kusimama hatua moja mbele ya mtu anayepaza sauti ukaambulia meno yake tu.

Zamani shughuli hiyo ilikula dakika ishirini. Ni dakika hizo zilizompa mhandisi Mwantumu Semboja cheo chake.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana wabaya hawatusumbui sana, tunawajua. Mwantumu alikulia kwenye kota za wafanyakazi, akilelewa na mama yake mdogo, Bi Mwanakombo, mchambua singa, zile nyuzi za mkonge. Alimwona akirudi jioni amechoka hoi kwa kazi ambayo ingekwisha saa sita mchana. Nyapara wa siku hizo alipenda kuona watu wanahangaika. Ukimaliza mapema unapewa ufagio ukafagie palipokwisha kufagiliwa. Watu wakajifunza kubeba gunia tupu kutoka upande huu hadi ule na kurudi nalo, ili waonekane. Mtoto yule akajiapiza kwamba akikua atatengeneza kitu cha kutenganisha kazi na purukushani. Mtu afanye lenye maana, kisha aende nyumbani akapumzike.

Shirika likampa maabara. Likaahidi kwamba kila dakika itakayookolewa itarudi kwa mfanyakazi. Kijibu kiliingia masikioni mwezi Machi mwaka 2094. Kufika Aprili zile dakika ishirini zilikuwa zimeshageuzwa kuwa dakika ishirini zaidi za kuhudumia mashine, na hakuna aliyesikia mwenzake akiuliza zimekwenda wapi, kwa sababu malalamiko nayo si neno la kazi.

Tumeshayaona haya. Kwenye ardhi hiyohiyo babu zetu walikata mkonge kwa kipande. Ilikuwa kadi yenye visanduku thelathini, na siku ambayo msimamizi hakuridhika na mzigo wako kisanduku kilibaki kitupu, jasho lako likaenda na maji. Kadi imekwisha. Kisanduku kimehamia sikioni.

Mwantumu mwenyewe alikivaa Kijibu, tena kwa imani. Kila asubuhi saa moja kilikipigia kile cha Bi Mwanakombo, ambaye sasa alikuwa amestaafu na anaishi peke yake kotani, kikampa shikamoo, kikaleta jibu: nzuri. Mwantumu alilisikia akiwa anapiga mswaki, roho ikatulia. Alikuwa hajafika kwa mama yake tangu mwezi wa tano.

Mwezi Septemba ubao wa tija ukutani ulisoma tisini na tisa kwa mia. Hata hivyo, mashine za kukwangua majani ya mkonge zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine.

"Ijumaa wageni wanakuja," mkurugenzi, Bwana Mtoi, alimwambia ofisini, vidude vyao vikiwa mezani. "Miji tisa inataka Kijibu. Sitaki wakute mashine imesimama."

"Nitaitafuta sababu."

"Itafute. Lakini usikimbiekimbie, mhandisi," akasema, akitabasamu. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Akaanzia kwenye shimo la ukarabati, chini ya mashine namba saba. Fundi Makange alikuwa amelala chali, mafuta hadi kwenye nyusi, Kijibu chake amekitia mfuko wa shati.

"Toa na chako kama unataka tuongee," alisema. "La sivyo utaniona napiga miayo tu."

Mwantumu akakitoa. Kelele ya karakana ilimvamia kama joto la tanuri lililofunguliwa mlango.

"Rola limevunjika," Makange alisema. "La tatu wiki hii. Usiku kucha, mchana kutwa, mafundi tunakimbia kama watoto waliochelewa kengele. Mlisema mmetuondolea mahangaiko. Mmeyahamishia huku shimoni, ambako wageni hawashuki."

"Rola halivunjiki ghafla, fundi. Linatetemeka kwanza. Zamu iliyotoka haikuwaambia?"

"Iliniambia."

"Ilisemaje?"

Makange akageuza kichwa, akamtazama kwa huruma kidogo. "Nzuri."

Ghala la mabaki lilikuwa chini zaidi, chumba cha baridi chenye makabati ya kumbukumbu yanayonguruma polepole. Akili mnemba ya Kijibu haikutupa maneno iliyoyazuia. Iliyalimbika humo, ili ijifunze kuzuia vizuri zaidi. Tangu Machi hakuna binadamu aliyewahi kuyasikiliza. Mwantumu alifungua mabaki ya mashine namba saba, akapandisha sauti.

Chumba kikajaa watu.

"...ila lile rola linanguruma, usiliamini." "...ila leo vidole vimekufa ganzi." "...ila mdogo wangu kalazwa, ukiniona nimesinzia uniamshe." "...ila lile rola, nilikwambia jana." "...ila mbona hunijibu?"

Sauti zilipandana, za wanawake na wanaume, zikizungumza kwa utulivu kabisa, kila moja ikianzia neno lilelile. Hakuna aliyepiga kelele. Waliongea kama watu wanaojua wanasikilizwa. Mwantumu akakaa sakafuni.

Alikuwa ameisahau desturi aliyoinyonya pamoja na maziwa. Kwetu mtu haanzi na baya. Umkute amevunjika mguu, ukimuuliza habari atasema nzuri. Kwanza akupokee, akuweke chini, kisha ndipo akuletee habari yenyewe, na habari yenyewe huja nyuma ya ila. Akili mnemba ilikuwa imefundishwa kwamba jibu la habari ni nzuri. Basi ikifika hapo inakata. Miezi sita ilikuwa inabeba mlango na kuiacha nyumba.

Na mwalimu wake alikuwa yeye.

Ghala lilikuwa limepangwa pia kwa majina ya walioambiwa. Alisita, kisha akaandika jina lake. Alitegemea asikute kitu. Yalikuwamo mabaki ishirini na sita, yote ya asubuhi saa moja, yote kutoka kwa mtu mmoja. Akasikiliza la kwanza. Hakusubiri la pili.

Kufika saa tano asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Mwanakombo.

"Hodi."

"Karibu mwanangu," sauti ya mama yake ilijibu papo hapo, changamfu. "Nzuri tu."

Alisukuma mlango. Bi Mwanakombo alikuwa ameegemea mito kitandani, khanga imemzunguka mara mbili pale ilipokuwa ikimzunguka mara moja. Alikuwa anamtazama. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," ilisema sauti ileile, kutoka kwenye kisahani kilichokuwa juu ya stuli. "Hapa kwema. Nzuri tu."

Midomo haikusogea. Macho ya yule mama yalikwenda kwenye kisahani, yakarudi kwa binti yake, kama mtu anayeonyesha mgeni asiyetaka kuondoka. Mwantumu alikiokota Kijibu, akakitumbukiza katika kikombe cha maji. Kikasema "haya" kutoka ndani ya maji, kikanyamaza.

"Umekuja mwenyewe," Bi Mwanakombo alisema. Hii sasa ilikuwa sauti yake ya kweli, nyembamba, ina mluzi ndani. "Na umekonda. Unakula, au kipo na kidude cha kukulia?"

"Mama, unaumwa hivi na huniambii?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Kila asubuhi, Tumu. Siku ya kwanza nikakwambia nzuri, ila kifua kinabana. Ukaniambia haya. Kesho yake nikakwambia nzuri, ila nimetema damu. Ukaniambia haya. Nikaona labda hujasikia vizuri, nikarudia. Haya." Akapumzika. "Ile siku ya ishirini na saba nikanyamaza, nikakiacha kiongee chenyewe. Nikaona mnaelewana."

"Haikuwa mimi, mama. Ilikuwa mashine."

"Sasa mimi ningejuaje? Sauti yako, haraka zako. Hata ungekuwa wewe ungesema hivyohivyo."

Mwantumu akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimshika mkono, na mkono ule, uliokuwa mgumu kama gome kwa miaka thelathini ya singa, ulikuwa mwepesi.

Hospitalini daktari alieleza kwa upole. Vumbi la mkonge lilikuwa limeganda mapafuni. Siku hizi zipo chembe-fagizi, mashine ndogo kuliko chembe ya damu, zinazoingizwa kwa sindano zikakwangua mapafu hadi yakawa safi. Lakini zinahitaji kukuta pafu ambalo bado linavuta. "Mngemleta wiki tatu nyuma," daktari alisema, "leo angekuwa anatugombeza." Akatoa wiki mbili, pengine pungufu.

Ijumaa saa saba na nusu Bi Mwanakombo alimfukuza kitandani kwake. "Nenda. Nitakuwepo ukirudi. Wale wengine hawajui bado."

Wageni wa miji tisa walikuwa wamesimama kwenye roshani ya vioo, juu ya ukumbi. Bwana Mtoi alikuwa anawaeleza jinsi Mkongeni ilivyoyashinda mazoea ya kupoteza muda. Saa nane ikagonga. Watu mia sita wakaanza kupishana chini, midomo ikicheza.

Chini, katika kile chumba cha baridi, Mwantumu alifungua ghala lote na kulielekeza masikioni. Kila neno kwa mwenyewe aliyekuwa ameambiwa.

Mistari ya watu ilisimama. Haikusimama kwa vurugu. Mtu mmoja aliacha mguu hewani, kisha wa pili, kisha ukumbi mzima ukaganda kama mchanga uliomwagiwa maji. Mwanamke wa mashine ya pili alishika sikio, akageuka polepole kumtafuta mtu katika umati. Kijana wa mizani alikaa chini. Mzee mmoja alikuwa anasikiliza sauti ya mwenzake aliyezikwa Julai, inamwambia nzuri, ila leo sijisikii, unishikie nafasi kidogo. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Ni hitilafu ndogo," Bwana Mtoi aliwaambia wageni. Kisha kwenye kipaza-sauti: "Mhandisi, funga. Mhandisi, unasikia?"

Mwantumu alikuwa amepanda ukumbini. Alikitoa Kijibu chake na kukiweka sakafuni. Hakukikanyaga. Alikiacha tu, kikiendelea kumjibu Bwana Mtoi kwa sauti yake, kwa adabu, kwamba kila kitu ni kizuri.

Makange alikuwa amesimama karibu, uso wa mafuta, mbele ya mama aliyemkabidhi mashine namba saba tangu Machi. Mama yule alivua kidude chake kwanza, Makange akafuata. Sauti yake ilikwaruza, maana miezi sita hakuitumia kwa mtu aliyesikia.

"Habari za tangu Machi, fundi?"

Juu yao ubao wa tija ulikuwa unashuka. Tisini. Themanini. Sitini na mbili.

"Nzuri," Makange alisema.

Mama yule hakuondoka. Alitua mfuko wake chini, akasubiri.