Mtutu Mfupi Matangani

Haya yalimpata rafiki yetu wa kanisani, Pitchou, mlinzi wa duka Marshalltown, Johannesburg, anayekusanya rivolva za kale za mtutu mfupi kama wengine wanavyokusanya saa. Ukimwambia silaha ni silaha, hucheka: "Eish, dada, hii ni historia!"

Historia gani, inayodondoka kiunoni mwa mtu, ikafyatuka na kumuua? Ndivyo alivyokufa swahiba wake Gaël. Mjane, Jeanne, alimkabidhi Pitchou rivolva ile: "Shemeji, wapelekee polisi waiyeyushe." Pitchou akaapa. Lakini mpini ulikuwa wa pembe, unang'aa, na moyo ukamshinda.

Siku ya kuondoa matanga, nyumbani kwa mjane Joubert Park, alikwenda nayo chini ya koti, haina risasi. Jeanne akampokea mlangoni.

"Ulifanya nilichokuomba?"

"Nilifanya, shemeji."

"Mungu akubariki."

Baraka ile ilimchoma kuliko tusi.

Katikati ya sala umeme ukakatwa, kama ilivyokuwa kawaida mwaka ule wa 2019, na mvua ilikwisha kuutia mchana giza. Watu waliendelea kuimba. Pitchou, mgongo wake ukutani, akasikia silinda ya rivolva ikizunguka kiunoni mwake, tik, tik, polepole, kama inakaguliwa. Hakuthubutu kuigusa.

Taa ziliporudi alikimbilia chooni, akajifungia, akaifungua. Kila kitundu cha risasi kilikuwa kimejaa udongo mbichi, umeshindiliwa vizuri, na juu yake alama ya ncha ya kidole.