Makombe Kumi na Moja ya Nuru ya Jangwa

Jumamosi, saa moja na robo asubuhi, Metrine alifika shuleni kule International City, Dubai, kupamba ukumbi, akakuta kabati la makombe limevunjwa. Vioo vimezagaa zuliani. Makombe yote kumi na moja, fahari ya Shule ya Nuru ya Jangwa, hayapo! Na leo ndiyo sherehe ya miaka ishirini ya shule.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ignatius, alikuwa amemnyooshea mlinzi kidole. "Funguo za ukumbi anazo huyu. Nikiita polisi, khalas, visa imekwenda."

Mlinzi mwenyewe ni Gervas, mdogo wake Metrine, tumbo moja. "Dada, haki ya Mungu, sijagusa kitu."

"Na wewe mwalimu, funguo huna?" Metrine aliuliza.

"Ninazo. Sasa nijiibie historia yangu mwenyewe?"

Bi Jokha, mzazi mwenzake Metrine pale shuleni, Mzanzibari aliyezaliwa Satwa, mtaa wa hapo hapo Dubai, akaingia anahema. "Mwalimu, wanitesa! Viti vyote nimevileta kwa teksi, na buti la gari lako kubwa lile umeninyima. Ati bovu! Haya, ami yangu niliyekwambia jana yuko njiani. Ni refa, kachezesha mechi za shule mji huu tangu ujana wake, ana hamu na hayo makombe..." Akaona vioo. "Yarabi!"

Ignatius alipangusa jasho, na kiyoyozi kinavuma.

"Polisi watauliza," Metrine alisema polepole. "Lile kombe kubwa mlilipata lini?"

"Elfu mbili na kumi na mbili. Nakumbuka kama jana. Ijumaa, kwenye paredi ya asubuhi. Watoto wakashangilia, kisha wakarudi darasani mpaka adhuhuri, kama tunavyofanya sasa kila Ijumaa."

Mwaka huo Metrine alikuwa mtumishi wa ndani, na madam wake alimpa ofu, yaani mapumziko, siku moja tu kwa wiki.

"Mwalimu, miaka ile Ijumaa ndiyo ilikuwa wikendi. Hata sisi Wakristo kanisani tulikwenda Ijumaa, Jumapili tuko kazini! Shule gani ilifunguliwa?"

Jokha aliangua kicheko. "Kweli jamani! Hiyo Ijumaa ya masomo imekuja juzi juzi, wikendi ilipohamishiwa Jumamosi na Jumapili. Wewe mwalimu, Dubai umeingia lini?"

Metrine akalikumbuka buti alilonyimwa Jokha.

"Fungua buti," Metrine alisema.

"Nimesema limeharibika."

"Basi wafungue polisi. Yalla, piga simu. Si ulitaka mwenyewe?"

Nje, Ignatius alilifungua buti. Makombe yalikuwa humo, yamefungwa kwa pazia la ukumbi, yote yamebandikwa karatasi ya bei ya duka moja la Satwa chini ya kitako.

"Nilikuja mwaka juzi," alinong'ona. "Niliwaambia shule imehama, kumbe ndiyo kwanza nafungua. Nani angeleta mtoto shule isiyo na historia? Nikaitunga. Refa huyo angejua hakuna mechi hata moja tuliyocheza."

"Ukaona umtoe kafara ndugu yangu!"

"Masomo yalikuwa ya kweli, madam."

"Na cheti cha mwanangu Caren? Miaka miwili amekaa kwako. Shule nyingine itakipokea?"

Ignatius aliinamia buti, akaanza kuyapanga makombe upya, moja moja, kama hakusikia.