Fundi Amepumzika

Kila siku nilipotoka shuleni nilisikia cherehani kabla sijauona mlango wa nyumba yetu. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Cherehani ya kukanyaga ilikaa dirishani, meza ya kukatia ukutani, na nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba kama watu waliopanga foleni. Nilikuwa navua viatu, namwamkia, naokota vipande vya kitambaa sakafuni, ndipo nakula.

Siku moja nilifika nikakuta cherehani imenyamaza. Mama alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, anajaribu kusimama.

"Mguu umekufa ganzi tena," alisema. "Usinitazame hivyo, nipe mkasi."

Wiki hiyo mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alimpeleka zahanati kwa nguvu. Mtaalamu wa viungo hakuzungukazunguka. Alimwambia mgongo umechoka kwa kuinama, na unaubana mshipa wa mguu. "Siku mbili kamili usiguse cherehani. Jinyooshe, pumua vizuri, lala. Baada ya hapo, mazoezi kidogo kila siku. Ukipuuza, mguu huo hautakanyaga tena."

Mama mdogo, aliyekuwa akifanya yoga na wenzake kazini, alituonyesha tangazo kwenye simu. Ilikuwa kambi ya yoga ya siku mbili kando ya ziwa, watu wamekaa wamekunja miguu, wanatabasamu kwa macho yaliyofumbwa. Mama alitazama bei, akairudisha simu kama imemuunguza.

"Kwa hela hiyo wanaondoka na mgongo mpya?"

"Basi tufanye kambi yetu hapa hapa," nikasema. "Jumamosi na Jumapili. Mama mdogo atafundisha, mimi nitapanga."

"Haya, Meneja," mama mdogo akacheka. Ndivyo walivyoniita nyumbani, kwa sababu nilipenda kupanga mambo ya wakubwa ilhali kitanda changu sijakitandika.

Nilipanga wiki nzima, na wiki nzima mambo yalikwenda kombo. Nilitaka mikeka laini ya kulalia, nikajaza mabaki ya vitambaa kwenye mashuka ya zamani na kuyashona kwa mkono. Mkeka wa kwanza ulifumuka nilipoukalia tu. Niliandika ratiba safi kwenye daftari: kunyoosha mgongo, kupumua, uji, ukimya. Mama aliisoma, akaomba kalamu, akaandika mbele ya neno "ukimya": *kupinda suruali ya mwalimu*.

"Mama!"

"Si umesema ukimya? Pindo nashona kwa mkono. Halina kelele."

Nilikwenda kwa jirani yetu, mchomea vyuma, nikamsihi asiwashe mashine zake siku hizo mbili.

"Meneja, chuma hakichomewi kwa kunong'ona," alinijibu. "Nina geti la watu hapa."

Lakini mama mdogo aliniambia adui si mchomea vyuma. "Ni mlango. Kila akigonga mteja, mama yako atainuka."

Ijumaa jioni, nikiwa nimejaa hasira, nilikata boksi tupu nikaandika kwa herufi kubwa:

FUNDI AMEPUMZIKA.
JUMAMOSI NA JUMAPILI.
TAFADHALI TUTUNZE UKIMYA.

"Mwonyeshe mama yako kwanza," mama mdogo alisema bila kulitazama, akiwa anakoroga uji.

"Nitamwonyesha."

Sikumwonyesha. Nilijua atakataa. Nililitundika mlangoni, nikaingia ndani kimya kimya.

Jumamosi asubuhi tulisukuma cherehani pembeni, tukaifunika shuka. Mama alijinyoosha kama mtu anayetekeleza adhabu.

"Vuta pumzi," mama mdogo alisema.

"Nimevuta."

"Sasa itoe."

"Ikitoka nitaikumbuka ile suruali."

Nilitamani kulia. Kisha nikagundua kitu: nje kulikuwa kimya. Mashine ya jirani haikusikika. Nilisikia tu viti vikiburuzwa taratibu na sauti za chini chini. Nikajisemea, kumbe amenihurumia.

"Tumalizie na mlalo wa mwisho," mama mdogo akasema. "Unaitwa mlalo wa maiti. Lala chali, mikono pembeni, fumba macho, usitikisike."

Mama akalala. Nilimfunika shuka jeupe hadi kidevuni asipate baridi. Sikuwa nimewahi kumwona ametulia hivyo mchana. Uso wake ulilegea, pumzi ikashuka.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mteja tuliyemwita Mama Gauni, kwa kuwa alikuja kila siku kuuliza gauni lake. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaliona shuka.

"Jamani, fundi! Fundi wetu!"

Mama akaketi wima. "Gauni lako bado."

Mama Gauni akapiga ukelele, akarudi nyuma, akamwangukia mchomea vyuma aliyekuwa anaingiza benchi. Nje, watu kama kumi walikuwa wamekaa wameinamisha vichwa. Mmoja aliacha kufuta machozi, akabaki na kitambaa hewani.

"Lakini si mmeandika wenyewe?" mchomea vyuma akauliza, akinyoosha kidole kwenye boksi langu. "Fundi amepumzika. Jumamosi na Jumapili, tukajua ni siku za matanga. Tena tutunze ukimya. Nimezima mashine tangu asubuhi, geti la watu liko chini!"

Nikalisoma tena, na safari hii nililisoma kwa macho yao. Mimi nilimaanisha yuko mapumzikoni. Wao walisoma amefariki.

"Nani ameandika?" mama akauliza.

"Mimi." Hasira ikanipasuka. "Wiki nzima, mama! Nimeshona mikeka, imefumuka. Nimepanga ratiba, umeijaza kazi. Nilitaka siku mbili tu!"

"Na hukunionyesha."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikiri. Akajiinua, akaburuza mguu hadi kwenye cherehani na kuanza kuifunua. "Basi, yamekwisha. Watu wameshakuja. Acha nimalizie gauni la dada huyu, asirudi mikono mitupu."

Mama Gauni akamshika mkono.

"Fundi, tangu nisome hilo boksi sijalikumbuka gauni hata mara moja. Kama ungekuwa umekufa ningelisamehe kabisa. Nashindwaje kulisubiri mpaka Jumatatu, nawe uko hai?"

"Nami asubuhi yangu imeshapotea," mchomea vyuma akaongeza. "Acha na mchana upotee. Huo mlalo wa maiti ni wa wanawake peke yao?"

Watu wakaangua kicheko. Mama alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akaliachia shuka.

Mchana huo watu wanane walilala uani kwetu juu ya mikeka yangu iliyofumuka. Mchomea vyuma alikoroma kabla mama mdogo hajamaliza kusema "fumba macho". Jumapili hakuna aliyegonga mlango, na jioni mama alisema anavisikia vidole vyote vya mguu.

Akaniita nikae karibu naye.

"Ulikosea kunificha," alisema. "Ukimtakia mtu mema, mwambie usoni, hata kama atakataa. Lakini mimi nimekosea zaidi, maana nimekufanya uone njia pekee ni kunificha." Akaitazama cherehani chini ya shuka. "Bibi yako alikuwa fundi pia. Tukimwambia apumzike, alijibu, nimalize hii moja. Siku tulipowaambia watu kwamba amepumzika, hiyo moja ilikuwa bado mezani, sindano ndani yake. Tumezoea kuliacha neno hilo kwa waliokufa, mwanangu. Nataka tulitumie tukiwa hai."